Hori Tupu: Tafakari juu ya Mabanda ya Kale ya Shamba la Kiingereza



Juma hili ninawaalika tutafakari juu ya majengo ambayo waliyoyajenga hawakukusudia yatazamwe na mtu: mabanda ya farasi, maghala, vibanda vya mikokoteni na mazizi yaliyosalia katika mashamba ya kale ya Uingereza. Huenda mmoja wenu akauliza, mabanda ya wanyama yana nini cha kutufundisha? Makasri na makanisa makuu yameandikiwa vitabu vingi, kwa kuwa walioyajenga walitaka wakumbukwe. Banda la farasi lilijengwa kwa sababu moja tu, kwamba kesho alfajiri farasi wawepo, wakavu, wameshiba, tayari kwa plau. Kwa sababu hiyohiyo linatueleza habari za watu ambao kasri haliwezi kutueleza.

Majengo haya niliyafahamu katika majuma sita ya kiangazi, nilipotumwa kushika parokia moja ya vijijini magharibi mwa mkoa wa Oxfordshire, paroko wake akiwa mapumzikoni. Miongoni mwa waumini walikuwapo mzee mmoja na mkewe, ambao ukoo wao umelilima shamba lao kwa vizazi vinne. Kila Dominika baada ya Misa walinikaribisha chakula, na baada ya chakula mzee alichukua fimbo yake na kuniongoza uani. Alikuwa na swali moyoni, nami nilitambua tangu siku ya kwanza kwamba analizungukia. Swali hilo nitalieleza, lakini yafaa kwanza tuone alichonionyesha, maana bila hicho swali lenyewe halina uzito.

Shamba la kale la Kiingereza hupangwa kuuzunguka ua. Ghala kubwa la nafaka mara nyingi huwekwa upande wa kaskazini, ili liukinge ua na upepo wa baridi, na mifugo iote jua la kusini wakati wa masika yao mafupi na kipupwe kirefu. Ghala hilo lina milango miwili mikubwa inayotazamana, na kati ya milango hiyo ipo sakafu ngumu ya mbao au ya mawe. Hapo ndipo ngano na shayiri zilipopurwa. Vibarua walisimama wakielekeana, kila mmoja ameshika fimbo mbili zilizoungwa kwa ukanda wa ngozi, wakapiga masuke kwa zamu, pigo baada ya pigo, tangu mavuno mpaka karibu na mwisho wa kipupwe. Kisha milango yote miwili ilifunguliwa, nafaka ikarushwa juu, upepo ukapita katikati ukayachukua makapi. Hakuna mashine wala gharama. Ulikuwa ni upepo tu, na fundi aliyejua uvumie wapi.

Juu kabisa penye pembe ya ukuta niliona tundu dogo la mraba. Nikauliza ni la nini. Mzee akajibu kuwa ni mlango wa bundi. Ninyi nyote mnajua jinsi sisi tunavyomwogopa ndege huyu; akilia juu ya paa usiku, watu hawalali. Mkulima wa Kiingereza alimtengenezea mlango wake ukutani na kumsihi aingie, kwa maana bundi mmoja ghalani ni adui wa panya wasiohesabika. Wakulima wengine walimkatia paka naye tundu lake chini ya mlango wa ghala dogo la nafaka iliyokwisha kupurwa.

Ghala hilo dogo nalo lina hekima yake. Katika mashamba mengi husimama juu ya mawe yaliyochongwa mfano wa uyoga: panya akiparamia mguu wa jiwe, hukuta kofia pana juu yake na kurudi chini. Katika shamba la mzee wangu ghala lilikuwa juu ya kibanda cha mikokoteni, ili hewa ipite chini yake na kuikausha nafaka. Kibanda chenyewe hakina ukuta upande wa mbele, nao upande ulio wazi umegeuziwa kaskazini. Mzee alinieleza sababu: jua likiupiga mkokoteni wa mbao kila siku, mbao hukauka na kupasuka, na gurudumu hulegea. Chini ya ngazi ya mawe iendayo ghalani palikuwa na shimo lililojengewa vizuri. Hilo lilikuwa makao ya mbwa.

Lakini jengo ambalo mzee alilipenda kuliko yote, akaliacha liwe la mwisho, ni banda la farasi. Lilikuwa refu kwenda juu, lenye orofa. Farasi ni mnyama mwenye mapafu yasiyovumilia hewa nzito, hivyo banda lake huhitaji kimo, dirisha na nafasi ya hewa kuliko zizi la ng'ombe. Sakafu ilikuwa ya mawe ya mviringo, yenye mfereji mwembamba wa kutoa mkojo. Kila farasi alikuwa na chumba chake, kilichogawanywa kwa ubao mzito wenye alama za meno. Juu ilikuwapo dari ya nyasi kavu, na penye ukuta ule dari iliachwa wazi ili mtu azisukume nyasi kwa uma mpaka kwenye hori. Hori hizo zilikuwa za mbao za mwaloni, na ukingo wake ulikuwa laini kama kioo. Hakuna seremala aliyeulainisha ukingo ule. Ni shingo za farasi, kwa muda wa miaka zaidi ya mia moja.

Ndugu msomaji, tafakari kazi ya mtu aliyewatunza farasi hao. Aliamka saa kumi usiku ili awalishe, kwa sababu farasi ahitaji muda wa kula kabla ya kufungwa nira. Asubuhi alitoka nao kwenda kulima. Ekari moja ilihesabiwa kuwa kazi halali ya siku moja, na kwa plau iliyokata mfuo wenye upana wa sentimeta 23, ekari moja humdai mtu atembee kilometa 18 hivi, miguu ikizama katika udongo mbichi. Alasiri alirudi, akawavua hatamu, akawapangusa matope, akawalisha tena, na jioni kabla ya kulala alirudi na taa kuwatazama. Katika mashamba mengine kijana wa farasi alilala palepale juu ya dari, akipata joto kutokana na pumzi za wanyama waliokuwa chini yake.

Nyuma ya mlango wa chumba cha hatamu mzee alinionyesha maandishi ya penseli na ya kisu: herufi za mwanzo za majina, mistari ya kuhesabia magunia, mchoro wa farasi uliochorwa na mkono wa mtoto. Alama kama hizo zipo katika mabanda mengi ya Uingereza. Katika baadhi ya maghala ipo pia duara iliyochorwa kwa bikari, yenye petali sita ndani yake, na wachunguzi wengi huiona kuwa kinga dhidi ya uchawi na moto. Mwaka 2016 taasisi ya Historic England iliwaomba wananchi watafute alama hizo na kuzitolea taarifa, kwa kuwa hakukuwa na orodha yake. Watu wengi waliolima ardhi ile hawakuacha picha, wala barua, wala jiwe la kaburi. Mlango ule wa mbao ndio daftari lao.

Siku moja mzee alinipeleka kijiji cha Great Coxwell, mwendo mfupi kwa gari, tukaone ghala ambalo nchi nzima inalijua. Lilijengwa na wamonaki wa shirika la Citeaux kutoka monasteri ya Beaulieu, ambao mfalme John aliwapa ardhi hiyo mwanzoni mwa karne ya 13. Wataalamu waliohesabu pete za miti ya mwaloni wamegundua kuwa ilikatwa yapata mwaka 1292. Lina urefu wa meta 46, upana wa meta 13, na kimo cha meta 15 hivi. Ndani yake kuna safu mbili za nguzo za mwaloni zilizosimama juu ya misingi ya mawe inayozidi kimo cha mtu, na ukiingia unajikuta umenyamaza, kama aingiaye kanisani. Watu wengi huliita ghala la zaka, lakini halikuwa la zaka. Nafaka yake ilikuwa mavuno ya shamba la wamonaki wenyewe. Zaka ya mazao, ile fungu la kumi ambalo wakulima wa Kiingereza walitoa kwa Kanisa kwa karne nyingi, iliwekwa katika maghala mengine, na sheria ya mwaka 1836 ndiyo iliyoigeuza kuwa malipo ya fedha.

Monasteri ya Beaulieu ilifungwa mwaka 1538, wakati wa mfalme Henry wa Nane. Wamonaki wakaondoka, lakini ghala likabaki, na likaendelea kupokea ngano. William Morris, msanii na mwandishi aliyeishi Kelmscott jirani na hapo tangu mwaka 1871, alilipenda mno, naye mwaka 1877 alianzisha chama cha kuyalinda majengo ya kale. Tangu mwaka 1956 ghala hilo liko chini ya National Trust, na mtu yeyote aweza kuingia kulitazama.

Hata hivyo, wapendwa, ingekuwa si haki nikisifu mawe na kuficha machozi. Katika karne ya 19 banda la farasi wa shamba kubwa mara nyingi lilijengwa imara kuliko nyumba ya kibarua aliyewatunza. Wachunguzi wa wakati ule waliandika habari za nyumba zenye unyevunyevu, ambamo wazazi na watoto wengi walilala chumba kimoja. Na ile sakafu ya kupuria niliyoieleza ilikuwa tegemeo la maisha ya maskini, kwa sababu kupura ndiko kulikowapa ujira wakati wa kipupwe, shamba likiwa limelala. Mashine za kupuria zilipoenea, ujira huo ukapotea. Mwezi Agosti 1830, huko Kent, vibarua walianza kuzivunja mashine hizo, na ghasia zikasambaa mikoa mingi ya kusini na mashariki. Serikali ilijibu kwa ukali: watu 19 walinyongwa, na mamia wakasafirishwa kwenda Australia, wengi wao wasirudi kuona wake zao wala watoto wao. Anayesimama leo katikati ya milango miwili ya ghala la kale na kusifu mwanga unavyoingia, yampasa akumbuke kuwa mahali palepale watu waligombania mkate.

Basi ilikuwaje hori zikawa tupu? Hazikuwa tupu kwa siku moja. Vita vilipoanza Agosti 1914, jeshi la Uingereza lilikusanya farasi zaidi ya 100,000 katika siku 12 za mwanzo, wakitolewa mashambani na mijini, na wengi hawakurudi. Babu wa mzee wangu alitoa farasi watatu. Mzee aliyajua majina yao, ingawa alizaliwa miaka mingi baadaye. Mwaka 1917 serikali iliagiza maelfu ya matrekta kutoka kiwanda cha Ford ili kuokoa kilimo. Farasi waliendelea kupungua, na baada ya vita vya pili trekta likawa jambo la kawaida hata katika mashamba madogo. Kisha ikaja mashine ya kuvuna na kupura kwa pamoja, ambayo ni pana mno kwa mlango wa ghala uliokadiriwa kwa mkokoteni wa farasi. Mkulima wa leo hujenga banda la chuma lenye nafasi ya mashine zake. Majengo ya kale hayakubomolewa kwa chuki. Yalikosa kazi tu, na jengo lisilo na kazi hukosa mtu wa kulipanda paa lake kigae kimoja kinapoteleza.

Sasa nafika kwenye swali la mzee. Paa la banda la farasi lilikuwa limeanza kuzama. Vigae vya mawe ni vizito, fundi wake ni wachache, na gharama yake ilizidi mapato ya shamba kwa miaka kadhaa. Alikuwapo mnunuzi tayari kulichukua banda na kulifanya nyumba nzuri ya mapumziko ya mwisho wa juma. Mtoto wa kiume, anayefanya kazi mjini, alitaka liuzwe. Binti, anayelima pamoja na baba yake, hakutaka hata kulisikia jambo hilo. Mzee akaniuliza, tukiwa tumesimama kando ya hori: "Padre, ni heri likaliwe na watu wasiolijua, au lianguke likiwa letu?"

Sheria ya nchi yao ina maoni yake. Nyumba ya kale ikiwa imeorodheshwa kulindwa, majengo yaliyo katika kiwanja chake tangu kabla ya tarehe 1 Julai 1948 kwa kawaida hulindwa pamoja nayo, na hayabadilishwi bila kibali. Kwa yale yasiyolindwa, mwaka 2014 serikali ililegeza masharti, ghala la shamba likaweza kugeuzwa makazi kwa utaratibu mfupi zaidi, na mwaka 2024 ikaongeza idadi ya nyumba zinazoruhusiwa mpaka 10 katika shamba moja. Popo wakiwa darini, nao wana ulinzi wao wa kisheria, na fundi hawezi kuwafukuza apendavyo. Lakini sheria hueleza lililo halali kufanyika. Haimwambii baba jinsi ya kuwapatanisha watoto wake.

Nilimjibu kadiri nilivyoweza. Nilimwambia kuwa jengo lililojengwa kwa ajili ya kazi haliheshimiwi kwa kuachwa lianguke, hata kama anayeliacha analipenda. Hakuna heshima katika mvua inayooza mwaloni. Lakini nilimwambia pia kuwa si kila uokoaji ni sawa. Wengi hununua ghala la kale, wakapasua madirisha makubwa kila upande, wakang'oa hori, wakapaka rangi juu ya majina, na mwishowe kinachobaki ni kuta zilizosahau. Tena vijijini kwao kuna vijana wanaokamua ng'ombe na kuchunga kondoo ambao hawana uwezo wa kupanga nyumba katika kijiji walichozaliwa, huku nyumba za mapumziko zikikaa gizani siku tano kati ya saba. Nikamwambia kwamba kama banda litapata tena watu wanaoamka saa kumi usiku, basi halijageuzwa, limerudishiwa wenyewe.

Kijana wake, aliyekuwapo Dominika hiyo, alinijibu kwa adabu lakini bila kuficha: maneno mazuri hayalipi fundi wa paa. Naye alikuwa na haki. Kodi ya mkamuaji wa ng'ombe si bei ya mnunuzi wa mjini, na mapadre hatuulizwi mara nyingi tutatoa wapi fedha za mashauri yetu. Mjadala ule uliendelea hata baada ya mimi kuondoka. Barua waliyoniandikia baadaye ilisema kuwa baada ya kupata kibali waliligawa banda: nusu moja waliiuza, na fedha zake zikatengeneza paa lote, nusu ya pili wameipangisha kwa familia changa yenye watoto wawili, ambayo baba yake ni mchungaji wa kondoo katika shamba la jirani. Katika nusu iliyouzwa hori zimeondolewa. Katika nusu ya pili hori moja imebaki chini ya dirisha la jikoni, na mlango wenye majina umetundikwa palepale ulipokuwa. Binti aliandika kuwa bado hapiti upande ule uliouzwa. Sijui kama walichofanya ndicho kilichokuwa bora kuliko vyote. Ndicho walichokiweza, pamoja, bila kukatana undugu.

Nimekuwa nikiifikiria hori ile iliyobaki. Sisi Wakristo tumelizoea mno neno hori, kwa sababu ya Bethlehemu, hata tumelifanya pambo la Noeli lenye karatasi za kung'aa. Kule nilishika hori halisi: chombo cha kulia mnyama, kilicholainishwa na shingo zenye njaa, chenye harufu ya jasho na nyasi kavu. Mwinjili Luka hakutuambia zaidi ya kwamba mtoto alilazwa humo kwa sababu hapakuwa na nafasi mahali pengine. Kila banda linalopata tena mtoto mchanga ndani yake linatukumbusha kuwa swali la nafasi bado halijajibiwa, wala Uingereza wala kwingineko.

Hatuna budi basi kuyatazama kwa makini majengo ya kazi, popote tutakapoyakuta. Tuulize ni nani aliyelainisha ukingo ule, nani aliyekanyaga mawe yale mpaka yakatota katikati, nani aliyehesabu magunia kwa penseli nyuma ya mlango. Kabla hatujapaka rangi, tusome kwanza. Na tunapoamua jengo liwe nini, tusiulize tu litauzwa kwa kiasi gani, bali pia nani amebaki nje usiku huu.